Ukurasa wa Dole Gumba

Jumatatu, 3 Februari

Mdogo wangu,

Umeondoka na mtoto wangu jana asubuhi na leo nimejifunga uzi kama kawaida. Unaujua wenyewe, ule mwekundu wa kushonea mabegi: ncha moja mkononi kwa Chiriku, ncha nyingine kwenye kifundo cha mguu wangu wa kushoto, kwa sababu cherehani ikianza kelele zake sauti ya mtoto haifiki hata kwenye meza ya kukatia. Akitaka kitu, anavuta. Basi leo nimekaa, nimejifunga bila kufikiri, nimeshona saa nzima, uzi unaburuta sakafuni hauna mtu. Baba yake akaingia, akaniangalia, akatoka. Hata mzaha hakufanya, na unamjua yule alivyo.

Sasa nisikilize vizuri. Kwenye begi, chini ya sweta la manjano, kuna daftari la bluu. Nimekuandikia humo ishara zake zote, arobaini, kila moja na ukurasa wake. Akitazama dari anataka maji. Akifumba jicho moja anakutania, usimwamini. Akigonga ulimi mara mbili hamtaki mtu aliyemo chumbani, mwondoe. Hizo nimejifunza kwa miaka tisa, usizipitie haraka haraka kama unasoma karatasi ya dawa. Mtoto haongei kwa sababu pumzi inamwishia, neno moja, mawili, basi. Kichwani mwake hakuna kilichopungua, na baba yake alipompa jina la Chiriku hakuwa anamcheka. Alisema huyu siku akianza hatanyamaza.

Umesema wiki kumi. Umesema misuli ya kuvutia pumzi inafundishika kama ya miguu. Nimekubali kwa sababu mwaka jana kifua kilimlaza mara tatu, na mara ya tatu daktari aliongea na mimi huku anaangalia viatu vyake. Ningekuja naye, lakini sare za shule mia mbili na kumi ziko mezani na muda ndio huo. Nimekubali, sijasema nimefurahi. Tuelewane hapo.

Jana jioni nilipopiga simu alilia mpaka midomo ikabadilika rangi, umeniambia mwenyewe. Basi simu tuache. Dereva wa gari la dawa anapita huku kila wiki, atabeba barua.

Dada yako,
na mama yake ni mimi, usisahau


Jumapili, 9 Februari

Dada yangu,

Mtoto mzima, anakula, anakoroma kuliko baba yake. Usiwe na wasiwasi.

Chumba chetu cha mazoezi hapa hospitalini ni kile kirefu chenye sakafu ya mpira wa kijani. Jambo la kwanza lilikuwa kumkalisha. Yeye akikaa anajikunja mbele na kuegemea kushoto, na mtu aliyejikunja anakiminya kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu unaofanya kazi kubwa ya kuvuta pumzi. Nimemtengenezea kiti chenye mikanda kifuani na nyongani, sasa amekaa wima kama mwalimu mkuu. Kisha nikampima. Anaweka mdomo kwenye bomba, anavuta kwa nguvu zake zote, mashine inatoa namba. Mtoto wa umri wake angetoa zaidi ya sitini. Chiriku ametoa ishirini na moja. Nataka tufike thelathini na tano, kwa sababu hapo ndipo ataweza kukohoa kikohozi chenye maana, makohozi yatoke yasimkalie kifuani.

Kifaa cha mazoezi ni kidogo, kinaenea kwenye kiganja. Ndani kina springi, asipovuta kwa nguvu mlango haufunguki na hewa haiingii. Anavuta mara thelathini asubuhi, thelathini jioni. Kila wiki nakaza skrubu kidogo. Ametoa jasho, lakini hajakataa hata siku moja.

Nimeona mkono wake wa kulia umekaza zaidi ya nilivyokumbuka. Mwisho wa mazoezi dole gumba linajikunja lote ndani ya ngumi. Nalinyoosha taratibu mpaka lilegee. Ni jambo la kawaida kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, nakueleza tu ujue.

Na hili litakuchekesha. Juzi aliniita mbele ya wenzangu wote. Alitaka kusema "mama mdogo", pumzi ikamwishia kwenye "mama". Watu wakageuka kuniangalia! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mdogo wako


Ijumaa, 14 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara moja. Mara tano, kwa nini nidanganye.

Hapo kwenye kucheka mimi sikucheka. Unajua neno hilo lilikuja lini kwangu? Alikuwa na miaka minne na nusu. Nilikuwa nakata shati la mtu, mkasi mkononi, nikasikia "mama" dogo, kama mtu anapuliza vumbi mezani. Nilikata kola vibaya, nikalipa kitambaa cha watu, na mpaka leo kile kipande ninacho kwenye droo. Miaka minne na nusu! Wewe umelipata siku ya sita, tena kwa makosa, tena ukakaa chini kucheka.

Sisemi umefanya kosa. Nasema ungemwambia amalizie.

Tangu tukiwa wadogo ulikuwa hivyo hivyo. Mimi nafua, wewe unakwenda kuanika, mama anapita anasema ona mdogo wako alivyo na bidii. Haya, nimeyasema, yamekwisha. Hayajaisha lakini nimeyasema.

Kuhusu dole gumba, endelea tu kama ulivyofundishwa. Wewe ndiye uliyesoma.

Sare zimefika sabini. Mwambie Chiriku kipande cha uzi mwekundu nimemwekea ndani ya barua hii akichezee. Asile.

Dada yako


Jumapili, 23 Februari

Dada yangu,

Pole kama nilikukera. Sikukusudia, na wewe ukiamua kununa hata barua inanuna.

Nina habari nzuri. Ishirini na saba! Kwa wiki tatu, hata mkuu wetu wa kitengo alirudia kupima hakuamini. Sasa anaweza kutoa maneno matatu kwa pumzi moja. Jumatano alimwambia mfagiaji, "Hapo kuna uchafu," na kweli ulikuwepo, nyuma ya mlango. Mama wa watu alishika kiuno akacheka, tangu siku hiyo anapita kila asubuhi kuuliza kama leo kazi imepita ukaguzi. Na mpishi wa wodi anasimama naye mlangoni, wanaongea yao. Ananiambia yule mtoto ni mchokozi.

Nitakwambia ukweli, daftari lako wiki hii sikulifungua. Anasema mwenyewe.

Anamaliza zile thelathini bila kulalamika hata kidogo, hivyo nimeongeza ziwe arobaini. Dole bado linakaza, zaidi jioni. Nalinyoosha.

Mdogo wako


Jumamosi, 1 Machi

Mdogo wangu,

Namshukuru Mungu kwa ishirini na saba. Hilo limetoka moyoni. Yanayofuata nayo yametoka moyoni, upande wa pili.

Namwonea wivu mfagiaji. Simjui, sijawahi kumwona, namwonea wivu. Namwonea wivu mpishi. Nikikaa kwenye cherehani nawafikiria wanasimama mlangoni na mwanangu, wanaongea yao. Yao yapi? Miaka tisa mtu akitaka kuongea na Chiriku alikuwa ananitazama mimi. Daktari, mwalimu, hata babu yake. "Anasemaje?" Na mimi nasema, anasema hivi, anataka hivi. Mdomo wake nilikuwa mimi. Leo umeniandikia kwa furaha kwamba anasema mwenyewe, na daftari hulifungui, na mimi niko hapa nasukuma pindo za sketi za watoto wa watu.

Nilijua nitammiss. Sikujua nitamwonea wivu mtu mwenye fagio.

Ananiulizia? Hujaandika hata mara moja kama ananiulizia. Unaandika namba tu. Kama haniulizii niambie, mimi mtu mzima.

Na hayo mazoezi mpunguzie kidogo. Arobaini ni nyingi. Usiniulize nimejuaje, mpunguzie tu.

Dada yako


Jumatano, 12 Machi

Dada,

Keti kwanza. Yuko hai, joto limeshuka, jana amekula. Nimeanza na hilo ili usome yanayofuata ukiwa umekaa.

Alhamisi ya tarehe sita, baada ya mazoezi ya asubuhi, nilimpa uji. Ulimpalia. Alikohoa, kikohozi kikawa hakina nguvu kabisa, kama vile wiki zote tulizofanya kazi hazikuwepo. Uji ulishuka upande wa mapafu. Jioni alikuwa na homa, kesho yake wakasema ni homa ya mapafu. Amelala na hewa ya mtungi siku nne.

Sikukwambia kwa sababu ungekuja mbio, na akikuona angelia, na kulia ndiko tulikokuogopa. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sasa naona kwamba niliogopa uso wako vilevile.

Sielewi kilichotokea. Misuli ya pumzi ikichoka sana mtoto hawezi hata kumeza vizuri, hilo nalijua, ni kazi yangu kulijua. Lakini hakuonyesha kuchoka. Nilimtazama kila siku kwa macho haya, hakuonyesha. Mtoto yeyote akichoka anaonyesha.

Nimepima jana. Kumi na tisa. Tumerudi nyuma ya tulipoanzia.

Nisamehe.

Mdogo wako


Alhamisi, 13 Machi

Mdogo wangu,

Nakuja Jumamosi. Dereva anatangulia leo, na barua hii nataka itangulie, kwa sababu nikikuona uso kwa uso nitaanza kukupigia kelele, na nikishakupigia kelele hili sitalisema tena.

Alionyesha. Alikuonyesha kila siku.

Ishara si arobaini. Ni arobaini na moja. Ile ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote: akikunja dole gumba la kulia ndani ya ngumi, amechoka, acha kila kitu. Alijifundisha mwenyewe akiwa na miaka mitatu, kabla ya "mama". Anakaza mkono kwa makusudi. Mtu asiyemjua ataona ni ule ukakamavu wa misuli, na wewe umesoma miaka minne kuutambua ukakamavu wa misuli.

Niliiandika. Ilikuwa ukurasa wa kwanza kabisa. Usiku wa kuamkia safari nilichukua mkasi wa kitambaa nikaukata, ukatoka safi, hata huwezi kuona kama kuna ukurasa ulikuwepo. Uko kwenye droo ya cherehani chini ya bobini za uzi. Nilisema moyoni, hiki kimoja kibaki changu. Wamchukue, wampime, wamfunge mikanda, lakini siku akichoka kweli, atamhitaji mtu mmoja anayejua, na mtu huyo ni mimi. Nilitaka akushinde, mdogo wangu. Nilitaka uniandikie, dada njoo, sijui mtoto anataka nini. Nilingoja barua hiyo.

Badala yake ukaniandikia unalinyoosha. Mwanangu anakwambia amechoka, na wewe kwa upole wote unamfungua ngumi. Nilisoma hapo nikaelewa kila kitu, na nikakujibu uendelee kama ulivyofundishwa. Nilikuwa na wiki nne za kuandika mstari mmoja. Nilichoweza ni kusema mpunguzie.

Ulisema mtoto yeyote akichoka anaonyesha. Ndiyo. Sasa umejua nani alikufumba macho. Nimeambatanisha ukurasa, na mkono niliouchora humo.

Dada yako


Jumamosi, 22 Machi

Dada,

Umeshaondoka siku tano sasa na tulikaa kando ya kitanda kimoja siku mbili hatukusemezana zaidi ya "nipe kikombe". Basi ngoja niseme kwenye karatasi kama wewe.

Nilikukasirikia kiasi kwamba nilipokuona mlangoni na begi lako nilitamani walinzi wakutoe. Nimehesabu. Mara mbili kwa siku, siku ishirini na nne za kazi. Mara arobaini na nane mtoto aliniambia nimechoka, nami nikamnyoosha dole huku namwimbia. Ukurasa wako nimeubandika ukutani juu ya meza yangu, kila mtu aingiaye ausome. Wenzangu wameuliza nani amechora mkono mzuri hivyo. Nimewaambia fundi cherehani mmoja.

Jumapili ulipoanza kukunja nguo zake kuweka kwenye begi, sikukuzuia. Ni wako, una haki. Nilisimama dirishani nikawapa mgongo kwa sababu nilikuwa nalia. Kisha nikasikia "Bado." Neno moja tu, pumzi yote imekwenda hapo. Nikageuka, nikamkuta ameshika chuma cha kitanda kwa mkono ule wa kushoto usioshika kitu. Na wewe ukatoa nguo moja moja ukazirudisha kabatini. Ulizikunja upya. Sikujua kama unaweza kufanya hivyo. Mimi nisingeweza.

Najua nisingeweza kwa sababu nina la kwangu.

Tarehe tano Machi, siku moja kabla ya uji, alimaliza. Alisema "mama mdogo" yote, kwa pumzi moja, wazi kabisa, mpaka mwisho. Mwezi mzima nilikuwa "mama" tu, hata alipopata maneno matatu aliendelea kwa mazoea, na nilikwambia nacheka. Sikuwa nacheka, dada. Nilikuwa naitika. Wewe unaniona nimesoma, nina chumba chenye kioo ukutani, lakini jioni nikifunga mlango hakuna anayeniita kwa neno hilo, na unajua miaka mingapi nimelisubiri. Sikumfundisha amalizie. Pumzi ndiyo iliyokua ikanipokonya, na pumzi yenyewe nimeikuza mimi kwa skrubu yangu. Wenzangu walipiga makofi. Nilikwenda msalani nikafungulia bomba nikalia.

Kesho yake niliamka nina kisirani kisichokuwa na mtu. Nilimharakisha. Baada ya mazoezi mtoto anatakiwa apumzike nusu saa kabla ya kula, ni kanuni niliyoiandika mimi mwenyewe ubaoni. Sikumpumzisha. Nilimpa uji moja kwa moja. Kwa hiyo usijibebeshe peke yako.

Na lingine, nilishaulizia nafasi yake kwenye shule iliyo karibu na hapa, bila kukuambia. Nimekwenda jana kuifuta.

Tumeanza tena, taratibu. Kumi na tano asubuhi, kumi na tano jioni. Dole likiingia ndani, tunaacha.

Uliuliza kama anakuulizia. Kila siku. Sikuandika kwa sababu sikutaka kuandika.

Mdogo wako


Jumamosi, 12 Aprili

(Dada, hii ni yake. Nimeweka mstari kila alipovuta pumzi. Ameniapisha nisibadilishe kitu.)

Mama / mimi hapa Chiriku. / Usilie kwanza / soma. / Mama mdogo amenisomea / barua zenu zote. / Nilimlazimisha. / Nilimgongea ulimi / siku mbili / mpaka akakubali. /

Nilijua dole halimo / kwenye daftari. / Alipolinyoosha mara ya kwanza / nilishangaa. / Nikataka kumwambia. / Kisha nikaona / hii nzuri. / Wewe mama nikikunja dole / unazima kila kitu. / Unasimamisha cherehani / unanifungua kiti / unanilaza. / Hata kama nimechoka kidogo tu / na nataka kuendelea. / Huniulizi. / Hapa nilikuwa nachoka / na hakuna anayezima. / Nikawa nakunja / na yeye ananyoosha / na mimi nacheka ndani. /

Siku ya uji / nilichoka kweli. / Nilikuwa na sauti, mama. / Ningesema. / Nilikuwa tayari na maneno matatu. / Sikusema / kwa sababu nilitaka / thelathini na tano. / Nilikuwa nimefika / thelathini na moja. /

Kwa hiyo ni mimi. / Kidogo ni nyinyi. /

Acheni kununa. / Mnafanana mkinuna / mnatisha. / Mama mdogo anasema / wiki mbili nyingine. / Sawa tu. / Daftari usiandike tena. / Ukurasa wa arobaini na mbili / naandika mimi. /

Baba asiuze / kiti changu cha zamani / nitampa mtu.

(Thelathini na mbili jana, dada. Ameitoa barua hii kwa siku nne, robo saa kila siku. Jumatatu alikunja dole akasema, "Nimechoka lakini sijamaliza." Sikujua nifanye lipi, nikamuuliza. Alitaka sentensi mbili zaidi.)


Jumapili, 4 Mei

Mdogo wangu,

Mtoto amefika Jumapili iliyopita na thelathini na sita zake, na cheti ulichompa baba yake amekibandika ukutani mahali pa kalenda. Kikohozi nimekisikia mwenyewe. Amekohoa juzi, kikombe kikatikisika. Sijawahi kufurahia kikohozi cha mtu namna hiyo.

Nina mawili ya kukwambia, la kwanza fupi. Shule ikifunga atakuja kwako mwezi mzima. Si kwa mazoezi tu. Yeye ndiye ameomba, mimi nimekubali, na usijifanye hujalia hapo ulipo.

La pili limetokea leo, nakuandikia sasa hivi likiwa moto.

Uzi nilimfunga tena siku ile ile aliyofika. Alinitazama tu ninavyopiga fundo, akanyoosha mkono kama mtu anayepimwa nguo. Wiki nzima hakuuvuta hata mara moja. Nilidhani hana shida ya kitu.

Leo nilikuwa kwenye cherehani, nimemaliza sare, nashona mapazia ya mtu, kitambaa kizito, kelele tupu. Yeye kwenye kiti chake kipya karibu na dirisha. Nikasikia sauti. Nilikanyaga pedali kama mara nne zaidi kabla sijaelewa kwamba naisikia na mashine inaenda. Ilipita juu ya cherehani, mdogo wangu. Miaka tisa hakuna sauti ya mtoto wangu iliyowahi kuipita cherehani hii. Nikasimamisha gurudumu kwa kiganja, nikageuka kuitika.

Hakuwa ananiita mimi.

Alikuwa anamwita binti wa jirani yetu muuza mkaa, kile kitoto chenye meno ya mbele yaliyoachana, kinachopita hapa kila siku na kamba yake ya kuruka. "Wewe! Ingia tucheze!" Kwa pumzi moja. Maneno yote.

Nikwambie ukweli kwa kuwa wewe utanielewa? Wivu ulinichoma mpaka nikaona giza. Sauti ya kwanza, na imekwenda dirishani.

Binti akaingia. Akasimama katikati ya chumba, na kama wanavyofanya wote akanitazama mimi. "Mama Chiriku, anasemaje?" Nikavuta pumzi nimjibu, unajua mazoea, nimeshafungua mdomo. Nikasikia ulimi. Mara mbili. Nikafikiri nimesikia vibaya. Akagonga tena, mara mbili, anamtazama mtu anayetakiwa kuondolewa chumbani, na chumbani tulikuwa watatu.

Nikasema haya, naenda kuangalia nguo kwenye kamba. Nguo hazikuwepo kwenye kamba. Nilipofika mlangoni uzi ukanivuta mguu. Nikainama hapo hapo kizingitini nikaufungua. Fundo lilikuwa gumu, nililipiga mwenyewe, ilibidi nitumie ncha ya mkasi, na wao wawili wananingoja nimalize ili waanze.

Sasa nimekaa nje kwenye ngazi, karatasi iko gotini, ndiyo maana mwandiko umepinda. Dirisha liko wazi juu ya kichwa changu. Wanacheka. Sijui wanacheka nini, na hakuna wa kunitafsiria.

Dada yako